Kazi Ikikabidhiwa, Lawama Inabaki kwa Nani?

(Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyotoa Jumamosi jioni kwa vijana wa mtaa wetu. Waliokosa waliomba niyaweke hapa. Sheria ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua jambo lenyewe.)

Walio mlangoni ingieni, viti bado vipo huku mbele, na hakuna mtu atawaitisha mchango leo.

Nianze na taa. Kuna barabara inatoka sokoni hadi kule shangazi yangu anaishi, kama kilomita moja na nusu hivi. Miaka michache iliyopita iliwekwa taa. Tulipiga picha, tukashangilia, wazee wakasema sasa mtaa umekuwa mji. Ziliwaka miezi kadhaa, halafu zikaanza kuzima moja moja mpaka giza likarudi lote. Shangazi huuza mboga. Anaamka saa kumi alfajiri ili apate mzigo kabla bei haijapanda. Asubuhi moja walimvamia hapo gizani, wakachukua pesa za mzigo, na walipomsukuma akaanguka vibaya, mkono ukavunjika. Wiki sita hakufungua kibanda.

Mimi nikajifanya mtu wa haki. Nikaandika barua, nikaenda ofisi ya kaunti. Nikaambiwa, "Hiyo barabara si yetu, ni ya serikali kuu." Nikaenda ofisi ya barabara ya serikali kuu. Nikaambiwa, "Barabara ni yetu, lakini taa ni kazi ya kaunti." Nikarudi kaunti, safari hii dirisha lingine, na hapo afisa mmoja mpole kabisa akanieleza kwamba taa hizo ziliwekwa na mradi. Kaunti ilikuwa imekabidhi hiyo kazi kwa serikali kuu, mradi ukaisha, kwa hivyo sasa hakuna mwenyewe. Nikamuuliza, ilikabidhi kwa karatasi gani? Akacheka. "Kijana, wewe ni wakili?"

Sitaitaja kaunti hiyo wala ofisi hizo, sijaja hapa kumchoma mtu. Lakini hilo neno lake, "kukabidhi", ndilo limenileta. Kila msimu wa siasa linarudi. Mwanasiasa mmoja anasimama jukwaani anasema kaunti imeuza kazi yake. Mwingine anasema serikali kuu imekuja kuokoa wananchi. Wa tatu anasema msimlaumu gavana, si alishakabidhi? Na wote wanapigiwa makofi, wakati mwingine na umati uleule. Tuangalie Katiba inasema nini.

Katiba ya 2010 ilitupa serikali za viwango viwili. Kifungu cha 6 kinasema viwango hivyo ni tofauti lakini vinategemeana, vifanye kazi kwa kushauriana na kushirikiana. Jedwali la Nne, huko nyuma ya kitabu ambako watu wengi hawafiki, ndilo linagawa kazi. Hospitali kuu za rufaa za kitaifa, sera ya afya, polisi, barabara kuu: serikali ya kitaifa. Zahanati na vituo vya afya vya kaunti, ambulensi, takataka, chekechea, barabara za kaunti, maegesho, zimamoto: kaunti. Na ndiyo, taa za barabarani zimetajwa kwa jina upande wa kaunti. Nilisoma mara mbili nihakikishe, kwa sababu ya shangazi.

Sasa je, serikali moja inaweza kuipa nyingine kazi yake? Inaweza. Hapa ndipo wengi hukosea kwenye mijadala, wanadhani ni mwiko. Kifungu cha 187 kinaruhusu, tena kwa pande zote mbili: kaunti kwenda kwa serikali kuu, au serikali kuu kwenda kwa kaunti. Lakini lazima yawe makubaliano, si amri. Lazima iwe kwamba anayepokea ataifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Na sheria inayosimamia kazi yenyewe isiwe imekataza.

Halafu kuna sehemu ya pili ya kifungu hicho, na hapa naomba masikio yenu yote. Inasema mambo mawili. Kwanza, kazi ikihama, mipango ifanywe rasilimali za kuifanya nazo zihame. Pili, wajibu wa kikatiba wa kazi hiyo unabaki kwa serikali ile ile iliyopewa na Jedwali la Nne. Unabaki. Haukuhama na kazi.

Mnanipata? Wacha niseme kwa lugha ya stage. Mwenye matatu anampa dereva gari. Dereva saa nane anachoka, anampa skwodi azungushe trip mbili. Skwodi anagonga ukuta wa mtu. Mwenye ukuta hatamsaka skwodi, hata jina lake hajui. Anasoma jina lililoandikwa kwenye logbook. Huko ndani ya familia ya matatu, mwenye gari na dereva na skwodi watajuana, watakatana pesa, watafutana kazi. Lakini kwa mwenye ukuta, jina ni moja. Jedwali la Nne ndilo logbook ya kazi za serikali.

Kwa hivyo mtu akikuambia, "Gavana alikabidhi afya, msimuulize mambo ya dawa," huyo amesoma nusu ya kifungu. Na mwingine akisema, "Serikali kuu haiwezi kugusa kazi ya kaunti hata kaunti ikikubali," huyo naye hajasoma hata hiyo nusu.

Wanasheria wana neno, kukasimu madaraka, yaani unampa mtu afanye kwa niaba yako. Sheria ya mahusiano kati ya serikali hizi mbili, ile ya mwaka 2012, inazungumzia kuhamisha na kukasimu pia, na inataka makubaliano yawe kwa maandishi, na wananchi washirikishwe. Maandishi, jameni. Si salamu za mkono mbele ya kamera.

Mfano mkubwa tulionao ni Nairobi, na najua wengine mlikuwa mnangoja nifike huko. Tarehe 25 Februari 2020, Ikulu ya Nairobi, kaunti na serikali ya kitaifa zilitia saini hati ya kuhamisha kazi nne: afya, uchukuzi, ujenzi wa umma pamoja na huduma zake, na mipango na maendeleo ya jiji. Muda ulikuwa miezi 24. Ikaundwa ofisi mpya, Nairobi Metropolitan Services, sisi sote tukaizoea kama NMS, chini ya Ofisi ya Rais, ikiongozwa na afisa wa jeshi. Maelfu ya wafanyakazi wa kaunti wakaazimwa kwenda huko.

Nitasema ukweli wangu: kuna kazi ilionekana. Visima vilichimbwa mitaa ya mabanda. Vituo vya afya vikajengwa mahali ambapo mama mjamzito alikuwa anapanda matatu mbili kufika kliniki. Mtu wa Mukuru aliyepata maji karibu na nyumba hatakusikiliza ukimletea habari za Kifungu cha 187, na mimi siwezi kumlaumu.

Lakini angalieni kilichotokea pembeni. Kesi zilifika mahakamani, zaidi ya moja. Juni 2020 mahakama ya kazi na ajira ilisema uhamisho huo haukufuata sheria, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa. Ikatoa siku 90 kasoro zirekebishwe. Gavana wa wakati huo, ambaye saini ilikuwa yake mwenyewe, akageuka mkosoaji mkubwa wa mkataba huohuo, na vita vya bajeti vikaanza. Kabla mwaka kuisha Seneti ilikuwa imemwondoa ofisini, kwa mashtaka ya aina nyingi. Mwaka 2022, baada ya uchaguzi, kazi zikarudi kaunti.

Sasa fikirieni mpiga kura wa Nairobi, Agosti 2022. Yuko kwenye debe. Kituo chake cha afya kilijengwa na NMS, au labda kilianzishwa hakikuisha. Amekasirika au amefurahi. Anampigia nani? Anamwadhibu nani? Jina la NMS halikuwa kwenye karatasi ya kura. Gavana aliyetia saini hakuwepo. MCA wake, kwa hiyo miaka miwili, alikuwa anauliza maswali kwa waziri wa kaunti ambaye hana funguo za ofisi, na mwenye funguo anaripoti Ikulu.

Hapo ndipo mimi huachana na wenzangu wanaosema, "Bora kazi ifanyike, nani anajali ni nani?" Shangazi yangu anajali. Siku taa zinawaka hajali, kweli. Siku zinapozima ndipo anataka jina.

Mambo ya pesa ni mazito zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Katiba inasema rasilimali zihame pamoja na kazi. Ni rahisi kuandika. Lakini pesa za kaunti zinakaa kwenye mfuko wa mapato wa kaunti, zinatolewa kwa sheria iliyopitishwa na bunge la kaunti, na Msimamizi wa Bajeti ndiye anaidhinisha zitoke. Kwa hivyo ukihamisha kazi kwa ofisi ambayo si ya kaunti, kuna mtu wa kaunti bado atahitajika kuweka saini ndiyo pesa zitembee. Akigoma, kazi inasimama. Akikubali kila kitu bila kuuliza, basi yeye ni muhuri tu. Nairobi walipitia hilo. Na ugomvi huo haukuwa wa watu wabaya dhidi ya watu wazuri, ingawa ndivyo ulivyouzwa kwetu mitandaoni. Ulikuwa ndani ya mpango wenyewe tangu siku ya saini.

Tena pesa zinaweza kubaki nyuma hata bila mkataba wowote. Ukijaza lita moja ya petroli leo, shilingi 25 ni ushuru wa matengenezo ya barabara. Kabla ya Julai 2024 zilikuwa 18. Kaunti zinasema, sisi tuna barabara za kutengeneza, tupeni sehemu yetu. Wabunge wanasema zibaki kwa mashirika ya barabara ya kitaifa. Mvutano huo umezunguka Bungeni na mahakamani, na wakati huo shimo lililo mbele ya shule halijui ni la nani. Nikisikia kiongozi anasema "tuko tayari kukabidhi" au "tuko tayari kupokea", swali langu la kwanza siku hizi ni: na pesa? Akianza kusafisha koo, najua.

Kuna mtu hapa mbele anatikisa kichwa, nadhani anataka kusema madaktari. Ndiyo, nakuja. Mwaka 2013 chama cha madaktari kilitia saini mkataba wa mishahara na wizara ya kitaifa. Mwaka huohuo kaunti zikaanza kazi na afya ikashuka kwao. Mwajiri akawa mwingine, ahadi ikabaki kwenye karatasi ya mwajiri wa kwanza. Desemba 2016 mgomo ukaanza, ukaisha Machi 2017, siku 100. Kaunti zikisema hatukusaini sisi, serikali kuu ikisema wafanyakazi si wetu tena. Nilikuwa na jirani aliyekuwa anampeleka babake kliniki ya presha kila mwezi. Miezi hiyo walikuwa wanaenda, wanakuta kufuli, wanarudi. Huo haukuwa uhamisho wa Kifungu cha 187, ilikuwa Katiba yenyewe ikianza kutekelezwa, lakini ugonjwa ni uleule: kazi ilienda mbio, majukumu ya zamani yakaachwa njiani.

Wengine husema hii fujo ni ya Kenya tu. Hapana. India ni nchi ya majimbo, na katiba yao ina kitu kinachofanana sana na hiki chetu. Kifungu chao cha 258 kinamruhusu rais, jimbo likikubali, kuipa serikali ya jimbo au maafisa wake kazi ya serikali kuu. Mwaka 1956 wakaongeza cha 258A ili jimbo nalo liweze kuipa serikali kuu kazi yake, hapo pia kwa ridhaa. Kilichonivutia ni pesa. Bunge lao likiwapa maafisa wa jimbo kazi za serikali kuu, au rais akifanya hivyo, serikali kuu lazima ilipe jimbo gharama za ziada. Wakishindwa kukubaliana kiasi, anateuliwa mwamuzi na Jaji Mkuu wa India, yeye ndiye anaamua. Sisi tumeandika "mipango ifanywe". Wao wameandika nani ataamua mkikosana. Hilo peke yake lingetuepushia kelele nyingi.

Kuna dada aliniuliza kabla tuanze: je, rais akiamka asubuhi aseme hii kaunti imeshindwa, nachukua? Swali zuri, maana wafuasi wa pande zote hupenda kulitishia. Kwa Kifungu cha 187 hawezi, pale lazima mkubaliane. Kuna 190, kinachoruhusu serikali ya kitaifa kuingilia kaunti ikishindwa kazi zake, lakini kwa utaratibu wa sheria: kaunti ipewe notisi, hatua ziwe zile za lazima tu, kaunti isaidiwe kusimama tena, na Seneti iwe na njia ya kusimamisha uingiliaji huo. Halafu kuna 192, kuisimamisha kaunti nzima. Hiyo inahitaji tume ya uchunguzi, inahitaji Seneti, na haipiti siku 90. Makueni ilikaribia huko. Kukawa na ombi, tume ikakaa, na mwaka 2015 rais wa wakati huo akakataa kuisimamisha. Kwa hivyo njia zipo, lakini hakuna hata moja ya kuamka asubuhi.

Mimi naona hivi, na mnaweza kunipinga, muda wa maswali upo. Kukabidhi kazi si dhambi. Kaunti ndogo isiyo na mainjinia wa kutosha ikiomba serikali kuu iijengee daraja, huo ni uungwana na Katiba inaujua. Kinachoniudhi ni kukabidhi kwa mdomo. Makubaliano yaliyoandikwa yana tarehe ya mwisho, yana kiasi cha pesa, yana jina la atakayejibu maswali, yanasema vifaa vitakuwa vya nani muda ukiisha, na kabla ya saini watu waliitwa wakasema. Makubaliano ya mdomo yana picha tu. Ukiona kiongozi wa upande wowote anasifu au analaani makabidhiano na hakuna mtu kati yenu ameona karatasi, usimalize bando lako ukimtetea.

Na karatasi inaweza kuitishwa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inasema unaandika ombi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, huhitaji wakili, na wana siku 21 kukujibu. Wakikaa kimya unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Huna haja ya kueleza unaitaka ya nini.

Kwa hivyo nilirudi kwa yule afisa mpole. Barua ya nne, safari hii fupi, Kiswahili, mistari sita. Sikuuliza taa zitawaka lini. Niliomba nakala ya makubaliano ambayo kaunti ilikabidhi kazi ya taa za barabara ile, na kama hayapo, niandikiwe kwamba hayapo. Aliisoma yote akiwa amesimama, hakucheka. Aliniuliza kama nina nakala yangu ipigwe muhuri. Nikampa. Akapiga muhuri, akaandika tarehe.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Shangazi yuko pale nyuma, mkono umepona, ila kikapu bado anabeba na wa kushoto. Maswali sasa. Tuanze na mama mwenye leso ya kijani.